Je, shairi huru ni ushahidi kwamba jamii imebadilika?

Mwalimu mmoja wa Kiswahili wa kidato cha tano na cha sita, mkazi wa Mbagala hapa Dar es Salaam, anajiandaa kuandika tasnifu ya uzamili kuhusu ushairi wa kisasa na mabadiliko ya jamii, na ameleta swali ambalo nalifupisha hivi. Vitabu na mihadhara humwambia kwamba ushairi wa Kiswahili ulibadilika kwa sababu jamii ilibadilika, na kwamba kuzuka kwa mashairi huru, yaani yasiyofuata vina na mizani, katika miaka ya 1970 ndiko uthibitisho wenyewe. Anauliza kama uhusiano huo ni wa kweli au ni wa kudhaniwa, mtafiti authibitishe vipi, na iwapo shairi nalo liliwahi kuibadili jamii, tutalijua kwa dalili gani. Mwishoni ameongeza swali dogo: je, aiingize Bongo Fleva katika tasnifu yake au aiache?

Mwalimu, uhusiano upo, tena ni wa karibu, ila hauonekani pale tulipozoeshwa kuutazama. Tumezoeshwa kuutafuta katika vina: palipo na vina na mizani tunasema pana ukale, palipokosekana tunasema pana usasa, kisha tunajiongeza na kudai kwamba upya wa umbo ni upya wa fikra. Mgawanyo huo unafaa kusahihishia mitihani, lakini ukipelekwa kwenye historia hauhimili. Mimi ningependa mtafiti aanze na maswali mengine mawili, nayo ni shairi lilipitia njia gani hadi kumfikia msomaji au msikilizaji, na lilikuwa linasema na nani. Humo ndimo mabadiliko ya jamii yalimoacha alama zinazoweza kuonyeshwa kwa ushahidi, si kwa madai.

Chukua kazi mbili zilizotoka karibu wakati mmoja. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilichapishwa mwaka 1973, nayo imebeba mashairi aliyoyatunga gerezani nchini Kenya kati ya 1969 na 1972. Wengi husema alifungwa kwa ajili ya mashairi yake. Sivyo: alifungwa kwa sababu ya waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi?, na mashairi ndiyo yaliyozaliwa na kifungo. Ni vigumu kuitaja diwani nyingine ya miaka ile iliyowakabili watawala kwa uso mkavu namna ile, na bado vina vyake vimenyooka, mizani haipungui, lahaja ni Kimvita cha Mombasa, na bahari zake, yaani aina za tungo zake, angezitambua mara moja Muyaka bin Haji, aliyetunga huko huko Mombasa zaidi ya karne moja kabla. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomweka mtunzi korokoroni. Mtunzi mwenyewe wakati huo alikwisha kuhamia hapa Dar es Salaam, akifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili.

Sasa iweke ngonjera kando ya diwani hiyo. Aliyeipa ngonjera umbo lililoenea nchini ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, na vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, baada ya yeye kufariki mwaka 1969. UKUTA ni Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Ngonjera ilikuwa jambo jipya kweli kweli: shairi linalosimama jukwaani, lenye wahusika, linalochezwa na watoto wa shule mbele ya wazazi na wageni rasmi, katika joto la Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati Mwalimu Nyerere alipowaomba washairi wasaidie kuieleza siasa ya Ujamaa kwa wananchi. Kila aliyepita shule ya msingi katika miaka iliyofuata anaujua mwenendo wake. Yupo asiyejua, naye huuliza au hukaidi. Yupo ajuaye, naye hujibu. Mwisho asiyejua hukiri, na wote hukubaliana kwa ubeti mmoja. Ukiutazama muundo huo kwa makini utaona kwamba siasa yake imo ndani ya umbo lenyewe kabla hata hujasoma maneno, kwa sababu hakuna nafasi ya mwuliza swali kuondoka jukwaani na swali lake mkononi.

Tunayo basi kazi ya umbo la kale iliyowapinga wakubwa, na umbo jipya lililowatumikia. Simaanishi kwamba Mnyampala alikuwa mtunzi duni. Alikuwa fundi, na kuitumikia nchi changa lilikuwa jambo ambalo watu wenye akili timamu walilifanya kwa moyo wao wote. Ninachosema ni kwamba mtafiti akijifunga kwenye umbo, atalazimika kumweka Abdilatif upande wa ukale na ngonjera upande wa mabadiliko, na hapo atakuwa hajatuambia lolote kuhusu jamii.

Mashairi huru nayo yana historia ambayo inafaa kusimuliwa bila mapambo. Watunzi waliolianzisha vuguvugu hilo walikuwa watu wa Mlimani. Ebrahim Hussein, ambaye shairi lake la Ngoma na Vailini linamchora mtu anayevutwa huku na ngoma na huku na vailini, Euphrase Kezilahabi, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, wote walisoma au kufundisha katika chuo kilichopata hadhi ya kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Kichomi cha Kezilahabi kilitoka mwaka 1974, Malenga wa Bara ya Mulokozi na Kahigi ikafuata mwaka 1976. Katika utangulizi wa Kichomi, Kezilahabi alieleza nia yake ya kuiingiza katika ushairi lugha ya kawaida, ile ambayo watu huitumia katika mazungumzo yao ya kila siku. Nia ilikuwa njema, na mashairi yenyewe mengi ni mazuri mno. Lakini lugha ya kawaida iliyopangwa katika mishororo isiyo na vina haikuwafikia watu wa kawaida kama ilivyokusudiwa. Iliwafikia kupitia darasani, ikiwa kitabu cha kiada, pamoja na maswali ya “jadili dhamira” mwishoni. Kwa hiyo mashairi huru ni ushahidi wa mabadiliko, ndiyo, ila mabadiliko yanayoshuhudiwa kwanza ni ya elimu: kupatikana kwa msomaji anayesoma peke yake, kimya, akiwa na kalamu mkononi, na kupatikana kwa mwalimu ambaye kazi yake ni kumfundisha kusoma hivyo.

Ugomvi uliozuka baada ya hapo ni wa kusomwa kwa tahadhari. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, waliyaita mashairi mapya kuwa guni, tungo zenye kasoro, na baadhi walikataa hata kuyaita mashairi; wanamabadiliko wakajibu kwamba vina ni minyororo. Mpaka katikati ya miaka ya 1980 Jumanne Mayoka aliona inafaa kitabu chake kiitwe Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Chini ya hoja za arudhi, yaani kanuni za utunzi, kulikuwa na swali la urithi, ambalo watu wa enzi ile walilitaja kwa chini chini: ushairi ni mali ya nani, ya mtu wa pwani aliyeupata nyumbani na katika chuo cha Korani, au ya mtu wa bara aliyeupata shuleni? Jina Malenga wa Bara lilikuwa tamko kabla ya kurasa kufunguliwa, kwa sababu watunzi wake wawili walitoka bara, na Kezilahabi naye alikuwa mtu wa Ukerewe. Lakini usije ukaufanya huu nao kuwa mstari wa kugawia watu, maana Mnyampala wa Ugogo alisimama imara upande wa vina, na hadithi yako itavunjika hapo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo mgogoro ule uliliziba. Hizo tunazoziita sheria za jadi, jinsi tunavyozifundisha leo, ziliwekwa kitabuni mwaka 1954 na Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili, katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Ushairi wa pwani uliotangulia ulikuwa na bahari nyingi: utenzi, wimbo, kisarambe, inkishafi, dura mandhuma na nyinginezo, kila moja na desturi zake na mahali pake pa kughaniwa. Umbo lililokuja kutawala, la ubeti wa mishororo minne yenye mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho, lilikuwapo tangu zamani, lakini kulifanya kuwa kipimo cha kila shairi ni jambo lililokua pamoja na magazeti, ambayo yalihitaji shairi linaloenea katika safu na ambalo mhariri angeweza kulikagua haraka. Kwa maoni yangu, tarbia ya gazetini, yaani ubeti huo wa mishororo minne, ni umbo la kisasa kama lilivyo shairi huru. Lilitangulia tu kufika.

Acha nikuonyeshe kwa mfano, kwa sababu bila mfano haya yatabaki kuwa maneno. Nimetunga ubeti mmoja wa kawaida kabisa, wa aina inayoweza kukutwa katika ukurasa wa mashairi wa gazeti lolote la Kiswahili:

Kituo kimesongana, abiria tumechoka,
Basi hatujaliona, na jua limeshatoka,
Nauli twalipa sana, na kila mwaka yaruka,
Mhariri sema nao, watujibu kwa hakika.

Jambo hilo hilo nikaliweka katika mishororo huru:

Kituo.
Watu mia.
Saa ya ukutani
ndiyo pekee inayosafiri.

Usiulize kwanza lipi ni bora. Hesabu watu waliomo. Katika ubeti wa kwanza mna “sisi” wanaolalamika, mna “wao” wanaolalamikiwa, na mna mhariri aliyewekwa katikati kama mshenga. Mna pia dai la jibu, na jibu linawezekana: dereva, mwenye basi au ofisa yeyote anayejua kutunga anaweza kuvishika vina vile vile vya -na na -ka, akarudi wiki ijayo na beti sita za kujitetea. Sheria za vina, ambazo wanamabadiliko waliziona kuwa kifungo, hapa ndizo zinazomruhusu mtu amjibu mtu asiyemjua, kwa kuwa wote wawili wanakubaliana kuhusu uwanja na mipaka yake. Katika mishororo ya pili hakuna anayesemeshwa. Kuna jicho moja linalotazama, na kejeli inayomwachia msomaji kazi ya kuimaliza. Shairi hilo halijibiwi, hufasiriwa. La kwanza linatarajia jamii ya watu wanaobishana hadharani kwa kanuni zinazojulikana, na la pili linatarajia msomaji mmoja mwenye utulivu na mazoea ya kutafakari. Hayo ndiyo ninayoyaita mabadiliko ya jamii yaliyomo ndani ya umbo, na ndiyo yanayoweza kuchunguzwa.

Ndiyo maana ningekusihi usiyapite magazeti. Mambo Leo lilianza kutolewa hapa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, na mashairi yalipata makazi humo mapema. Kwetu la Erica Fiah likafuata mwaka 1937, likiwa gazeti la Mwafrika mwenyewe. Kisha zikaja Mwafrika, Ngurumo na Uhuru, na kwenye redio kipindi cha Malenga Wetu cha Radio Tanzania. Humo walitunga makarani, walimu wa shule za msingi, mafundi cherehani, askari na wakulima. Wasomi wa fasihi waliyadharau mashairi hayo kwa muda mrefu, wakiyaona ni ya msimu na yenye kurudiarudia, na ni kweli kwamba mengi hayana ubunifu wa kutisha. Kwa swali lako, hata hivyo, udhaifu huo ni faida. Diwani ya mtunzi mmoja mashuhuri inakuonyesha kichwa kimoja kilichochanganua mambo kwa kina. Ukurasa wa mashairi wa gazeti unakuonyesha watu wengi wakizungumza juu ya jambo moja katika wiki ile ile lilipotokea, tena wakipingana.

Tena watunzi hao waliacha alama ambazo mtafiti angezililia katika aina nyingine za maandishi. Kwa desturi, mtunzi wa gazetini hutaja katika beti za mwisho jina lake, lakabu yake na mji anaotoka, na mara nyingi sanduku la posta huchapishwa chini. Ukizikusanya tamati hizo kwa miaka kadhaa unaweza kuona jinsi ushairi ulivyosafiri na reli na shule kutoka pwani kwenda Tabora, Kigoma, Mwanza na kwingineko, nani alimjibu nani, na kama wanawake walikuwamo au walisemewa. Swali la wanawake lina uzito wake, kwa kuwa mila ya mwanamke mtunzi haikuwa ngeni: Utendi wa Mwana Kupona ni wa mwaka 1858. Kama kurasa za gazeti zitaonyesha majina machache ya kike kuliko ulivyotarajia, hapo utakuwa umepata jambo la kueleza kuhusu jamii, si kuhusu vipaji.

Nije kwenye uthibitisho. Mtego wa kwanza ambao nimeuona katika tasnifu nyingi ni wa tarehe. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert ulichapishwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, na mtu asiyefungua kitabu anaweza kuandika ukurasa mzima kuhusu utenzi huo na ujenzi wa taifa huru. Utenzi unahusu vita vya dunia vya 1939 hadi 1945, na mtunzi alikwisha kufariki mwaka 1962. Mashairi ya Saadani ya Saadani Kandoro yalitoka kitabuni mwaka 1972, ilhali mengi yaliyomo ni ya zama za kudai uhuru. Kimbunga cha Haji Gora Haji, ambacho bila shaka unakifundisha, kilichapishwa mwaka 1994, miaka ishirini baada ya Kichomi, na kinafuata vina kama kwamba mgogoro wa ushairi haukuwahi kutokea. Kila shairi basi liwe na tarehe mbili katika daftari lako, ya kutungwa na ya kuchapishwa, na pale ambapo ya kutungwa haijulikani, shairi hilo lisibebeshwe hoja ya kihistoria.

Mtego wa pili ni wa fumbo, nao ni mgumu zaidi kwa sababu unatupendeza. Ushairi wetu umelelewa katika mafumbo, na mtafiti wa leo akiona nyoka, kimbunga au mbuyu ulioanguka, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye neno “serikali”. Kandoro, ambaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954, alitunga shairi kuhusu siafu waliokazana dhidi ya nyoka, na katika hilo tunaweza kusema kwa uhakika kwamba siafu ni wananchi na nyoka ni mkoloni, kwa sababu tunayajua maisha ya mtunzi, tunao wasikilizaji waliolielewa hivyo, na Kandoro mwenyewe aliandika habari za harakati hizo katika Mwito wa Uhuru mwaka 1961. Huo ndio ushahidi ninaoutaka: mtu wa wakati ule aliyelisoma fumbo hivyo na kuliacha neno lake mahali fulani, iwe katika shairi la kujibu, barua kwa mhariri, kumbukumbu au hotuba. Pasipokuwa na mtu huyo, fasiri yako inaweza kuwa nzuri, hata ikawa sahihi, lakini iandikwe kuwa ni fasiri ya msomaji wa leo, na isihesabiwe kuwa tukio la wakati ule.

Kumbuka pia kwamba kilichokosekana gazetini hakimaanishi hakikusemwa. Gazeti la chama lina mhariri wa chama. Ukiona katika kurasa za Uhuru za miaka ya vijiji vya Ujamaa mashairi mengi ya kusifu na machache ya kulalamika, hujaona maoni ya watu. Umeona maoni yaliyopita kwenye meza fulani. Hapo ndipo kitabu kilichochapishwa kwingine, diwani iliyokaa miswada kwa muda mrefu na nyimbo zilizoimbwa bila kuandikwa zinapofaa kuletwa kushuhudia.

Kuhusu shairi kuibadili jamii, mimi ni mgumu kushawishika, na nadhani msimamizi wako naye atakuwa hivyo. Sijawahi kuona shairi lililoiangusha sheria au kupunguza bei ya unga. Ninachoweza kukubali ni dai dogo zaidi, kwamba shairi lilishiriki katika jambo, na ushiriki huo una dalili zake: watu walilijibu, wenye madaraka walichukua hatua, au maneno yake yalitoka kwenye shairi yakaingia katika vinywa vya watu wasiojua yalikotoka. Mfano ninaoupenda si wa kitabuni. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Zanzibar. Mtuhumiwa alitoroka, na kesi ikawageukia wanawake waliokuja kutoa habari. Wimbo haukuibatilisha hukumu. Lakini ulifanya kitu ambacho jalada la mahakama lisingekifanya, yaani uliiweka hukumu hiyo mbele ya watu waliokuwa na maoni yao juu ya haki, wakaimba wenyewe, na leo, karibu karne moja baadaye, tunalijua jina la Kijiti kwa sababu hiyo. Kama tasnifu yako itaweza kuonyesha kwa uthabiti mashairi matatu au manne yaliyoshiriki hivyo, itakuwa imefanya zaidi ya zile zinazotangaza kwamba “ushairi ni chombo cha mapinduzi” kisha zikanukuu beti thelathini.

Kwa hiyo mada uliyoitaja, ushairi wa kisasa na mabadiliko ya jamii, ningeipunguza mpaka iweze kubebwa na mtu mmoja mwenye vipindi vya kufundisha. Chagua gazeti moja, miaka isiyozidi kumi na jambo moja. Nikiwa mimi ningechukua Uhuru kuanzia 1967 hadi 1977, yaani kutoka Azimio la Arusha hadi mwaka ambao elimu ya msingi kwa wote, iliyoamuliwa Musoma mwaka 1974, ilitekelezwa, na ningefuatilia mashairi yanayohusu shule tu: ada, walimu, watoto wa kike, elimu ya watu wazima. Magazeti ya zamani yanapatikana katika sehemu ya Afrika Mashariki ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Nyaraka za Taifa, Upanga. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili nayo ina hazina ya miswada. Jipange kwa kazi ya kukaa chini na majalada yenye vumbi, na ubebe barua ya utambulisho kutoka kwa idara yako mapema, maana bila hiyo utapoteza asubuhi nyingi mapokezi. Kando ya gazeti hilo weka diwani moja au mbili za miaka ile ile, mojawapo iwe Kichomi, ili uone jambo moja likisemwa kwa njia mbili. Watunzi wa gazetini walio hai ni wazee sasa. Ukibahatika kuwapata, wahoji, na waombe ruhusa kabla ya kuunganisha lakabu na jina halisi, kwani wapo waliojificha nyuma ya lakabu kwa sababu ambazo bado zina maana kwao.

Bongo Fleva ningeiacha nje ya tasnifu hii, ingawa si kwa dharau. Ni ndugu wa karibu wa majibizano ya gazetini na ya mipasho ile ambayo vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano viliipigania kwenye kumbi za jiji hili katika miaka ya 1990, na Ndio Mzee ya Profesa Jay, inayomkejeli mwanasiasa anayeahidi kila kitu jukwaani, ni kejeli ya kisiasa iliyofika kwa watu wengi kuliko diwani yoyote ya wakati wake. Mwimbaji mwenyewe akaja kugombea, na mwaka 2015 akawa mbunge wa Mikumi. Lakini wimbo unakuja na mapigo, studio, sauti na video, na kuuchambua kwa maneno yaliyonakiliwa karatasini ni kuunyang'anya nusu ya nguvu zake. Ukiona lazima uuguse, uwe katika sura ya mwisho, na uuulize maswali yale yale uliyoyauliza kwenye ukurasa wa gazeti: nani anasemeshwa, ulifika kwake kwa njia gani, na nani aliyejibu.